Safu Mbili

Juni, tarehe kumi na saba.
Safu ya kushoto: milimita sitini na moja.
Safu ya kulia: mia nne na kumi na mbili.
Mbingu ile ile, usiku ule ule.
Mkuu wangu hapa Shillong akaguna,
"Mmoja kati yao mwongo,"
akanituma nikamtafute.

Setilaiti siwezi kuihoji.
Inapita juu, haina jasho, haina jirani,
husoma ubaridi wa vichwa vya mawingu
na kukisia kilichoanguka miguuni.
Dunia kwake ni miraba, kilomita kumi kwa kumi:
jabali na korongo na shule na makaburi
vyote rangi moja,
buluu isiyokolea.

Basi nikashuka kusini, ukingoni mwa Meghalaya,
ambako mlima unakatika ghafla
kama sentensi ya mtu aliyeitwa,
na chini, mbali, Bangladeshi inang'aa
kama sahani iliyooshwa.

Kong Dalbina alinipokea uani,
mgongoni knup, ule ungo mkubwa wa mianzi na majani
unaomfanya mtu afanane na kobe aliyesimama wima.
Hakuuliza nimefuata nini.
Alinipa tambuu na popoo, akasubiri nitafune.

Kipimamvua kilikuwa nyuma ya banda la nguruwe:
bati, mdomo wa duara usiozidi sahani ya chai,
na ndani chupa.
"Alianza mama. Kwetu kitindamimba ndiye hurithi nyumba,
nami nikarithi na hiki.
Saa mbili na nusu, kila asubuhi,
hata siku ya harusi yangu."

Usiku ule wa Juni, alisema,
chupa ilijaa kabla hajapata usingizi.
Akatoka na kurunzi, akapima, akamwaga,
akaandika kwa kalamu ya risasi, akarudi ndani.
Ikajaa tena.
Mara tatu.
"Mawingu yalikuwa chini, yamekaa mapajani mwa mlima,
hayakuwa marefu. Aliye juu angeona nini?
Angeona ukungu."

Nikaandika: safu ya kulia ni kweli.
Nikafurahi, naungama, kama mtu
aliyeshuhudia mdogo akimwangusha mkubwa.

Lakini daftari lilikuwa mkononi, nikaendelea kufunua.
Agosti, tarehe tisa: sifuri.
Kumi: sifuri.
Kumi na moja: sifuri.
Kumi na mbili: tisini na mbili, nukta nne.
Na setilaiti ilikuwa imeona mvua siku zote nne,
kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni.
"Kong, na hapa je?"

Akautazama ukurasa. Nguruwe akakoroma.
"Hapo nilimzika Banri. Binti yangu wa mwisho.
Siku tatu hakuna aliyefika nyuma ya banda.
Ya nne nikaenda, chupa imejaa hadi shingoni.
Sikujua niyagawe vipi yale maji.
Na nyinyi wa ofisini mlisema
kisanduku kisibaki tupu.
Zile sifuri si za mvua."

Nikatafuna tambuu iliyokwisha ladha.

Sasa ni usiku, Shillong, taa ya mezani.
Nimechukua tisini na mbili na nukta nne za chupa yake
nikazigawa kwa uwiano wa setilaiti:
tarehe tisa, thelathini na moja.
Kumi, arobaini.
Kumi na moja, kumi na tano.
Kumi na mbili, sita na vipande.

Kumbe kile kisichomjua
ndicho kilichomhesabia.
Siku ya kaburi, milimita arobaini.
Sijui kama angependa kuambiwa.
Lakini atakuwa anajua; alisimama ndani yake.

Mkuu kapita, kauliza mwongo ni nani.
Nimemwambia kuna dokezo chini ya jedwali.
Nilikuwa nimeandika:
*Agosti tisa hadi kumi na moja, msomaji hakuwepo.*
Nimelifuta hilo "hakuwepo".
Neno jingine sijalipata,
na bati la paa limeanza kugongwa,
tone, tone,
bado halijatosha kupimwa.